Al-Shidyaq: usiruke zile orodha

Mkuu umeuliza kama kuna kitabu cha Kiarabu cha zamani, ukiacha Alfu Lela Ulela, ambacho mtu anaweza kukisoma kwa Kiingereza akakifaidi, na ukasema ulianza kile cha al-Shidyaq ukakwama kwenye zile kurasa za orodha ndefu za maneno matupu. Nakujibu kwa urefu maana nimekaa nacho karibu mwaka mzima na nakipenda mno.

Anza na jina lenyewe. Al-Saq ala al-saq, saq ni muundi, kwa hiyo ni muundi juu ya muundi, na Kiswahili tunayo hiyo tayari, kukunja nne. Mzee kakaa barazani kakunja nne anapiga stori, hiyo picha ya kwanza. Picha ya pili ni miguu ya watu wawili kitandani na hapo sifafanui. Alizitaka zote mbili na kitabu kizima kinakwenda hivyo.

Mwandishi ni Ahmad Faris al-Shidyaq, Mlebanoni aliyezaliwa kwenye ukoo wa Wamaroni, yaani Wakristo wa Lebanoni walio chini ya Papa, akakichapisha Paris mwaka 1855. Jamaa anayesimuliwa humo anaitwa Fariyaq, nusu Faris nusu Shidyaq, yaani ni yeye mwenyewe. Kiingereza kakitia marehemu Humphrey Davies, juzuu nne zilizotoka 2013 na 2014, Kiarabu ukurasa huu Kiingereza ukurasa wa pili.

Sasa zile orodha. Na mimi mwanzo nilikuwa naziruka, naona jina moja, la pili, la kumi, nafunua mbele. Siku moja umeme umekatika, nipo Tanga kwa bibi mzaa mama, nikawa nasoma upande wa Kiarabu kwa sauti kwa tochi ya simu ili nisisinzie, nimefika kwenye majina ya tupu ya mwanamke, na yapo mengi balaa. Bibi yangu ni kungwi, kachezesha wari wengi tu. Akauliza mjukuu wangu unasoma nini hicho kina mahadhi ya kasida? Nikamwambia, maana mtu na bibi yake ni watani. Akanyamaza kidogo, halafu akaanza kunihesabia ya kwao ya unyagoni, moja la umbo, moja la tabia, moja la mwanamke aliyezaa, mengine sijawahi kuyasikia popote, akasema kila jina lina siku yake ya kutamkwa. Hapo ndo nikaelewa. Kumbe ile orodha si ya kusoma kwa macho kama orodha ya sokoni, ni ya kutamka, na kila neno linaona kitu ambacho la jirani yake halikuona.

Tangu siku ile sijaruka hata moja. Sura ya kwanza kabisa inaanza na amri za kunyamaza zimefuatana kama mvua, nikajaribu na mimi kwa Kiswahili: nyamaza, kimya, tulia, sss, funga domo, acha kelele, meza ulimi, usitie neno. Jaribu uone utafika wapi. Mengi ya maneno yake kayachota kwenye kamusi ya al-Firuzabadi, ile al-Qamus al-Muhit, na hilo qamus maana yake ilikuwa bahari kuu, kitabu kile kilivyopata umaarufu ndo neno likageuka kuwa jina la kila kitabu cha maneno mpaka likatufikia sisi kamusi.

Ila usidhani ni mtu wa masihara tu. Kaka yake As'ad alifuata Uprotestanti, patriaki wa Wamaroni, mkuu wa kanisa lao, akamfungia kwenye monasteri ya Qannubin akafia kifungoni. Ukishajua hilo, kila padri anayechekwa humo unamwona kwa jicho lingine. Hata wamisionari waliomwajiri Malta hawakupona, kawaita watu wa mikoba. Alipelekwa Uingereza kusaidia kutafsiri Biblia kwa Kiarabu, akaona wakulima wa kule wanavyoishi kwa dhiki na akaandika bila kuogopa. Na mke wa Fariyaq humo kitabuni, Fariyaqiyya, usimpite, huyu mwanamke anajibu hoja moja baada ya nyingine kuhusu elimu na starehe ya mwanamke mpaka mume anaishiwa, na mwaka ni 1855 jamani.

Kiukweli kuna sehemu zinachosha, hasa ile ya kuwakosoa walimu wa Kiarabu wa Paris mwishoni, hizo pita haraka. Ila sura ya 13 ya kila juzuu ni ya nathari yenye vina, na yeye huyohuyo aliyeziandika kasema vina kwa mwandishi ni kama mguu wa bandia wa mti kwa mwenda kwa miguu.

Ushauri wangu, soma juzuu ya kwanza pole pole kwa sauti, kama Kiarabu cha chuoni unacho kidogo weka kidole upande ule. Ukiona wari wanakusikiliza hamisha chumba. Halafu nenda juzuu ya nne, alipo kijijini Uingereza na mwanawe mdogo anaumwa. Yule mwenye maneno ya kila kitu duniani, mtoto akafariki, na pale hakuna orodha wala utani, ni baba anamlilia mwanawe kwa shairi. Nilipomsomea bibi hapo nikimtafsiria, aliomba nirudie.