PS4 imeganda, sasa inasema hifadhidata imeharibika: usikubali ifomatiwe kwanza

Mkuu, umesema PS4 Slim yako iliganda katikati ya mechi, ukachomoa waya ukutani, na sasa kila ukiiwasha inasema hifadhidata imeharibika, inajizima na kujiwasha tena. Fundi anataka kuifomati. Mzuie kwanza. Yangu ilipata ugonjwa huo huo baada ya umeme kukatika-katika usiku, na sevu zangu zote (maendeleo ya gemu yaliyohifadhiwa) zilipona kwa sababu nilianza na hatua isiyofuta kitu.

Izime kabisa. Bonyeza kitufe cha kuwashia na usikiachie: utasikia mlio wa kwanza, halafu baada ya sekunde kama 7 mlio wa pili. Hapo ndipo uachie. Chomeka padi kwa waya wa USB, kisha bonyeza kitufe cha PS, maana hapo padi haikubali bila waya. Na uwe waya unaopitisha data. Nyingi za bei chee ni za kuchaji tu. Padi haitasoma, na utadhani mashine imekufa.

Menyu ya Safe Mode (hali ya dharura ya kuwashia) ikitokea, nenda namba 5, Rebuild Database. Inapitia diski nzima na kuandika upya orodha ya vilivyomo. Gemu na sevu zinabaki. Diski iliyojaa inaweza kuchukua saa kadhaa, kwa hiyo fanya siku ambayo umeme umetulia. Namba 6 na 7 ndizo zinazofuta kila kitu. Usiziguse bado.

Ikiwaka, kabla hujafungua gemu lolote, ingia Settings, Application Saved Data Management, unakili sevu zote kwenye flashi. Usiseme utafanya kesho.

Ikiganda tena baada ya hapo, mimi ningeishuku diski yenyewe. Chomoa umeme, fungua kifuniko kidogo cha nyuma kwenye kona, toa skrubu yenye alama za PlayStation, uivute. Iunganishe na kompyuta kwa adapta ya SATA (aina ya plagi ya diski hiyo) kwenda USB. Windows itakuomba uiandae au kuifomati: kataa! Mafaili hutayaona, kwa sababu yamefungwa kwa usimbaji wa mashine yako. Hata ukiiweka kwenye PS4 nyingine haitayasoma. Lakini CrystalDiskInfo, programu ya Windows ya kupima diski, itakuonyesha afya yake. Angalia mistari miwili, Reallocated Sectors Count (sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa) na Current Pending Sector Count (sehemu zinazoshukiwa kuwa mbovu). Zote zikiwa sifuri, huenda diski ni nzima na kilichoharibika ni mafaili tu. Ya pili ikiwa inapanda, tafuta diski nyingine ya inchi 2.5, unene usizidi milimita 9.5, SSD (diski isiyozunguka) ya SATA nayo inakaa vizuri.

Hapo sasa, ukishaweka diski mpya, ndipo namba 7 ya kusakinisha mfumo upya inahitajika: flashi ya exFAT au FAT32, folda PS4, ndani yake UPDATE, na humo faili PS4UPDATE.PUP kutoka tovuti ya PlayStation. Chukua lile kubwa la kusakinisha upya, linalozidi GB 1 kidogo, si lile dogo la kusasisha.

Ukishapata namba za ile mistari miwili ziweke hapa, tuangalie pamoja kabla hujanunua chochote.