Maswali ya Wafugaji: Majogoo wa kuku wa mayai huishia wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nafuga kuku wa mayai, na kila ninapoagiza vifaranga huletewa mitetea watupu, labda ajichanganye jogoo mmoja mmoja. Kwa kuwa yai halichagui, naamini walitotolewa pamoja na majogoo wa idadi ileile. Jirani yangu anasema majogoo hao husagwa wakiwa hai siku hiyohiyo. Nilimbishia nikidhani ni uzushi. Ukweli ni upi, na sheria inasemaje? — Mfugaji, Kibaha.

JIBU: Ndugu msomaji, jirani yako hakukudanganya, ingawa njia aliyoitaja haitumiki kila mahali. Chanzo cha jambo hili si ukatili wa mfanyakazi fulani, bali ni uamuzi wa wazalishaji wa mbegu, miongo mingi iliyopita, wa kutenga mbegu ya nyama na mbegu ya mayai. Kuku wa nyama hukuzwa wote, jike kwa dume, nao hufikia uzito wa kuuzwa kwa takribani wiki 5 au 6. Jogoo wa mbegu ya mayai hatagi, na akilishwa kwa muda huohuo hapati nyama ya kurudisha gharama ya chakula, kwa hiyo katika hesabu za kiwanda yeye ni hasara tangu anapovunja ganda. Wanaouawa kwa sababu hiyo duniani hukadiriwa kuwa karibu bilioni 7 kila mwaka.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mayai hukaa siku 18 katika mashine yenye joto la karibu nyuzi 37.5, yakigeuzwageuzwa, kisha huhamishiwa mashine ya pili kwa siku 3 za mwisho. Siku ya 21 trei huvutwa zikiwa zimejaa vifaranga waliokwisha kukauka, wakilia katikati ya maganda, nao humiminwa kwenye mkanda unaotembea. Kwa mbegu nyingi za kuku wekundu kuwachambua ni rahisi, kwa kuwa mtetea hutoka na rangi ya kahawia na jogoo hutoka na rangi ya njano iliyofifia. Kwa mbegu nyingine hutazamwa urefu wa manyoya ya bawa, au kifaranga hubinywa taratibu sehemu ya haja ili kuangalia kijiuvimbe kilichomo ndani, ujuzi ulioanzia Japani katika miaka ya 1920. Mikono iliyozoea humaliza kifaranga mmoja kwa sekunde chache. Mtetea huendelea mbele akachomwe chanjo ya mahepe, ugonjwa unaopoozesha kuku, chini ya ngozi ya shingo, na katika viwanda vingine ncha ya mdomo wake huunguzwa kwa miale ili asije akawadonoa wenzake bandani. Jogoo huelekezwa upande wa pili, akatumbukia katika mashine ya visu vinavyozunguka kwa kasi au akaingizwa katika chumba cha hewa ya kabonidayoksaidi.

Umoja wa Ulaya unazitambua njia zote mbili, na mashine ya visu inaruhusiwa kwa vifaranga wasiozidi saa 72 tu. Wanaoitetea mashine hiyo husema kifo chake ni cha papo hapo, na ingawa macho huikataa, kwa maoni yangu wana hoja, kwa sababu ndani ya gesi kifaranga huhema kwa taabu kabla ya kupoteza fahamu. Kibaya zaidi ni pale pasipo na mashine wala gesi, vifaranga wakarundikwa kwenye mifuko au mapipa mpaka wakose hewa.

Zipo nchi zilizokwisha kusema basi. Mwezi Juni 2019 mahakama ya juu ya utawala ya Ujerumani, iliyoko Leipzig, iliamua kwamba faida ya kiuchumi peke yake si sababu ya kutosha ya kumuua kifaranga, ikaruhusu uuaji uendelee kwa muda tu mpaka njia mbadala zipatikane. Kuanzia tarehe 1 Januari 2022 sheria ikaupiga marufuku katika nchi ambayo ilikuwa ikiua takribani majogoo milioni 45 kwa mwaka. Sasa viwanda vya huko ama huwakuza majogoo kwa ajili ya nyama, ama hupima yai kwa mwanga au kwa kuchukua tone la majimaji yake, na yai lenye dume huondolewa kabla ya siku ya 13. Ufaransa ilifuata, ingawa iliacha upenyo kwa mbegu za kuku weupe ambao vifaranga wao hufanywa chakula cha wanyama wengine. Uswisi ilikataza visu mwaka 2020 lakini ikaiacha gesi.

Kwetu umaskini umewapa majogoo nafuu ambayo mahakama iliwapa huko. Vifaranga wa kiume wa mbegu ya mayai huuzwa kwa bei ndogo, na wapo watu wanaowakuza polepole hadi wauzike. Wanaokosa mnunuzi ndio wa kuulizia, nawe mteja una haki ya kuuliza. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina sheria yake ya kuzuia ukatili kwa wanyama, lakini mnyama wa siku moja huwa mwepesi kusahaulika. Mwishoni mwa Oktoba 2017 vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga waliteketezwa kwa moto, kwa maelezo kwamba waliletwa kinyume cha sheria na kwamba nchi inajikinga na mafua ya ndege. Kujikinga na ugonjwa ni wajibu wa serikali. Hata hivyo, kinga hiyo haizuii kifaranga kuuawa kwanza ndipo achomwe.

SWALI: Vifaranga wangu husafirishwa kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Songea bila chakula wala maji. Je, si mateso? — Msomaji, Songea.

JIBU: Kifaranga hutotolewa akiwa na mabaki ya kiini tumboni, ambayo humtosha kwa saa 48 hadi 72. Tatizo ni kwamba saa hizo huhesabiwa tangu alipovunja ganda, si tangu basi lilipoondoka, na waliotangulia kutoka huweza kuwasubiri wenzao zaidi ya siku nzima ndani ya mashine. Kwa sababu hiyo wafugaji wengine Uholanzi huletewa mayai ya siku 18, vifaranga wakatokea bandani palepale penye maji na chakula.

Kwa safari yako muulize muuzaji saa ya kutotolewa, na ukatae boksi lisilo na matundu au lililobebwa kwenye buti chini ya mizigo, kwa kuwa wengi hufa kwa joto kabla ya njaa kuwafikia. Wakifika, bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, iwe imekwisha kupata nyuzi 32 hadi 34, uwachovye midomo kwenye maji vuguvugu mmoja mmoja, na chakula ukisambaze juu ya karatasi saa moja au mbili baadaye. Boksi lifunguliwe stendi, mbele ya kondakta, kabla hujatia sahihi ya kupokea mzigo.