Muuzaji kaghairi na anataka kunirudishia hela: naweza kumlazimisha anipe kiwanja?

Swali: Wakili, habari za kazi. Nilikubaliana na mtu kununua kiwanja chake chenye hati huko Kibaha kwa shilingi milioni 25. Tuliandikishana mbele ya mashahidi. Nimeshalipa milioni 18 kwa awamu. Awamu ya tatu nilichelewa miezi miwili, ila aliipokea bila neno. Sasa amepata mteja wa milioni 40, anasema atanirudishia hela yangu yote. Kwenye mkataba tuliandika milioni 15 ili kodi ipungue. Nina haki gani?

Jibu: Ndugu yangu, kiwanja unaweza kukidai, si hela tu. Mahakama ina uwezo wa kumwamuru muuzaji atekeleze mkataba na kukuhamishia umiliki. Kwa gunia la mahindi ungeambiwa upokee fidia ukanunue jingine sokoni, lakini kiwanja kile ni kimoja tu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mauziano ya namna hii yawe kwa maandishi, na maandishi unayo.

Ila nafuu hii, yaani amri ya mahakama ya kutekeleza mkataba, haidaiwi kama deni. Inatokana na kanuni za insafu, yaani za haki na uadilifu, tulizozirithi kutoka Uingereza, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na hakimu au jaji huitoa kwa hiari yake, akiwa ameshapima mwenendo wa pande zote mbili. Kwa hiyo wewe pia utapimwa, na hapo ndipo ninapokuhofia.

Kuchelewa kwako hakunitishi sana. Muuzaji aliyepokea awamu iliyochelewa bila kulalamika hawezi leo, baada ya kunusa bei nzuri, kusema ucheleweshaji ule ulivunja mkataba. Tafuta risiti, au ujumbe wa simu unaoonyesha tarehe aliyopokea.

Hatari iko kwenye ile milioni 15. Anayeomba insafu hutakiwa aje na mikono safi, na wakili wa upande wa pili atalishika hilo tangu siku ya kwanza: kwamba wewe na muuzaji mlipunguza bei ili kuikwepa kodi ya ongezeko la mtaji (kodi ya faida ya kuuza mali) na ushuru wa stempu. Kwamba naye alishiriki hakukusafishi. Uchafu huu haupo mbali na shauri, umo ndani ya mkataba wenyewe unaoutegemea, na mahakama inaweza kukunyima nafuu, au hata kuhoji uhalali wa mkataba wote. Tena usishawishike kusema kwamba kwa kuwa mkataba unataja 15 na umelipa 18, basi umemaliza. Huo utakuwa uongo wa pili, na miamala yako ya benki itakuumbua. Sema bei halisi ndani ya hati ya madai, eleza ilivyokuwa, na jitolee kulipa sehemu yako ya kodi kwa bei hiyo. Nakusihi ufanye hivyo kabla mwenzako hajalisema, kwa sababu kasoro uliyoifichua mwenyewe humpa hakimu nafasi ya kukuonea imani.

Jambo la pili ni haraka. Mteja mpya akinunua kwa nia njema, akalipa bila kujua habari zako na akasajiliwa, huenda ukabaki na fidia tu. Kwa kuwa kiwanja kina hati, peleka kaveti, yaani tahadhari ya maandishi kwamba una madai juu ya kiwanja hicho, kwa Msajili wa Hati wiki hii hii. Mwandikie pia huyo mteja, kama unamfahamu, ili asije akasema hakujua. Kisha fungua shauri pamoja na maombi ya zuio la muda, yaani amri ya kumzuia muuzaji asikiuze kiwanja wakati shauri linaendelea. Kipimo cha zuio kiliwekwa katika shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la mwaka 1969: kuwe na hoja nzito ya kuamuliwa yenye dalili ya kushinda, bila zuio upate hasara isiyofidika, na madhara yako kwa kunyimwa zuio yazidi yale ya mwenzako likitolewa. Zuio lenyewe hudumu miezi sita, huongezwa, lakini kwa jumla halivuki mwaka mmoja, kwa hiyo usilipate halafu ukalala.

Milioni 7 zilizobaki ziwe tayari, zionekane benki. Mwandikie muuzaji kwamba uko tayari kulipa, umpe tarehe, na ubaki na nakala aliyosaini kupokea. Mdai asiyekuwa na salio mkononi huanguka kwenye hoja hii mara nyingi.

Katika madai yako weka na ombi mbadala: utekelezaji ukishindikana, urudishiwe milioni 18 pamoja na riba na fidia. Na akikuwekea hela kwenye akaunti bila ridhaa yako, usizitumie. Zirudishe siku ile ile kwa barua inayosema hukubali mkataba uvunjwe, kwani ukizila atadai kwamba mmeshamalizana.