Mbio za Paulo si za kununua wokovu

Ndugu, umeuliza kama Paulo anaposema tupige mbio anamaanisha wokovu unapatikana kwa juhudi zetu. Hapana. Mwanariadha hajinyimi ili aandikishwe mashindanoni. Anajinyima kwa sababu ameshaandikishwa. Soma 1 Wakorintho 9:24-27 ukikumbuka anawaandikia akina nani. Karibu na Korintho palikuwa na michezo ya Isthmia, kila baada ya miaka 2, na mshindi alivikwa taji la majani. Majani! Yananyauka hata sifa hazijapoa. Kwa hayo tu mtu alijizuia katika yote, asema Paulo. Sisi wa taji lisiloharibika, kuamka alfajiri kusali ni vita (hapo na mimi nanyamaza).