Nisomee ushauri nasaha au saikolojia ya kliniki?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Kilifi, na shahada yangu ni ya ualimu. Mwalimu mkuu alinikabidhi idara ya ushauri nasaha, na kazi hiyo imeniingia moyoni. Sasa nataka kusoma uzamili. Kaka yangu ananisukuma nichukue saikolojia ya kliniki kwa kuwa ndiyo yenye hadhi. Nifuate ipi?
Mwalimu, Kilifi

JIBU: Marahaba mwanangu. Hadhi tuiweke kando. Jiulize ungependa kushinda na nani. Msomi wa saikolojia ya kliniki hushinda wodini na kliniki, na watu wenye sonona kali, skizofrenia au uraibu. Hufundishwa kupima, kutambua ugonjwa na kushirikiana na daktari wa akili; dawa haandiki yeye. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Nairobi huifundisha kozi hii upande wa udaktari, na kule Dar es Salaam inafundishwa katika chuo cha afya cha Muhimbili. Mshauri nasaha huwapokea zaidi wafiwa, wanandoa na vijana, watu waliolemewa ingawa si lazima wawe wagonjwa. Kwa unavyoeleza, naona moyo wako uko huku. Vyuo vikuu vya USIU na Daystar vyote vina uzamili wa ushauri. Kliniki nayo mara nyingi hudai shahada ya kwanza ya saikolojia au ya afya, kwa hiyo ulizia mapema kama ya ualimu itakubaliwa.

Lakini kuna jambo zito kuliko jina la kozi: nani atakusimamia ukianza kuona wateja? Nimewasimamia wanafunzi hapa Mombasa, nami huwataka waandike mazungumzo neno kwa neno, kwa idhini ya mteja na bila jina lake. Mmoja alinisomea kikao cha mjane aliyeanza kulia. Pale pale mwanafunzi akampa kitambaa na kumuuliza watoto wanasoma darasa la ngapi. Nikamwambia, "Simama hapo. Ni nani aliyeshindwa kukivumilia kile kilio?" Alinyamaza muda mrefu. Mafunzo yenyewe ni hayo, na darasani huyapati.

Chukua mfano wa PHQ-9, dodoso la kupima sonona. Lina maswali 9, alama zake hufika 27, na kuzijumlisha utajua kwa siku moja. Mtu akitia alama swali la 9, linalogusa mawazo ya kufa au kujidhuru, hapo ndipo utakapomhitaji msimamizi anayepokea simu.

Basi kabla ya kulipa ada, kiulize chuo wanafunzi hupelekwa wapi kwa mazoezi, husimamiwa kila baada ya muda gani, na msimamizi ana wanafunzi wangapi. Wakijibu kwa kuzungukazunguka, tafuta kwingine. Uliza pia kama kozi yao inakubaliwa na bodi ya usajili iliyoundwa na Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, maana bila usajili hutafanya kazi hii kihalali.

Na hapo shuleni, ukiweza, usimshauri mwanafunzi unayemsahihishia mtihani au unayemwadhibu. Hatakufungulia moyo, na akikufungulia utamweka pabaya. Mwombe mwalimu mkuu akuondoe kwenye kamati ya nidhamu muhula huu, usingoje hadi uhitimu.