Mchungaji, kulia ni kukosa imani?

Maswali ya safari hii yametoka Igombe, Kirumba, Sengerema na Nansio. Nimeyafupisha, na majina nimeyaacha.

Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mwanangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Mtumbwi wao ulipigwa na dhoruba, akafa maji. Huu ni mwezi wa nne. Nikilia, wenzangu wa jumuiya wananiambia nakufuru, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Ni kweli? – Mama, Igombe

Amina, mama. Pole sana. Hukufuru hata kidogo.

Yesu alifika kwenye kaburi la Lazaro akijua kabisa kwamba muda si mrefu atamwita atoke. Pamoja na hayo, Yohana 11:35 inasema: "Yesu akalia machozi." Kama aliyejua mwisho wa habari alilia, wewe uliyemzika mwanao utakatazwaje?

Omba mtu akusomee Zaburi ya 88 taratibu. Zaburi nyingi za maombolezo huanza na kilio zikaishia kwenye sifa, ndiyo maana tunapenda kuzisoma ibadani. Ya 88 haigeuki. Inaanza kwa kulia usiku na mchana, inaishia gizani, mtu akilalamika kwamba Mungu amemtenga na rafiki zake. Na imo ndani ya Biblia, wala hakuna aliyeiondoa kwa kuona haya. Ni sala, nawe unaruhusiwa kuisali ilivyo, bila kuiongezea "amina" ya furaha usiyoisikia moyoni.

Wanaokwambia kazi ya Mungu haina makosa hawana nia mbaya. Msibani maneno humwishia mtu, akashika lile lililo karibu. Lakini sisi wa Ziwa Victoria tungepaswa kuwa tumejifunza. Kuna waliofiwa tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama, na wengine tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara. Makanisani mwetu wamo, wengine wazee wa kanisa, wengine wanakwaya, na upepo ukianza kuvuma jioni utawaona wamebadilika sura. Nani atathubutu kuwaambia hawana imani?

Nadhani saa itakayokuuma zaidi ni ile mwezi ukishapotea angani, wavuvi wakirudi kazini, na ukitoka nje usiku unaona taa zao zimejipanga ziwani kama mji. Usiku huo usikae peke yako. Chagua mama mmoja unayemwamini, umwambie aje alale kwako, na umwambie wazi kwamba humwiti aje kuhubiri. Nanyi wa jumuiya, mkienda kwa mama huyu, chukueni ndoo mkateke maji, geuzeni dagaa waliopo kwenye chanja. Mkiona mvua inakuja, msaidieni kuwaanua.

Shikamoo mchungaji. Mwenzangu niliyekuwa nanunua naye dagaa kwenye soko la mwaloni alitoroka na mtaji wetu. Sasa amerudi, ameungama kanisani mbele ya watu wote, na anataka tuanze tena biashara pamoja. Nikikataa natenda dhambi? – Binti, Kirumba

Marahaba, binti yangu. Msamehe, lakini hela usimpe.

Kusamehe ni kuacha kisasi, kuacha kumwombea mabaya, kuacha kumtangaza kila kona ya soko. Hilo Bwana analidai kwetu. Kumkabidhi mtaji ni jambo jingine kabisa, na hakuna andiko linalokulazimisha. Zakayo hakuishia kwenye samahani; katika Luka 19:8 aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Mwenzako naye aanze kulipa, hata kwa kidogo kidogo, muandikishane mbele ya mashahidi.

Nami niseme linalonikera. Toba ya mbele ya kanisa zima, wakati mwenye kudai hajafuatwa nyumbani kwake akaombwa radhi, inamweka aliyeumizwa kwenye mtego: akisita tu, yeye ndiye anaonekana ana moyo mgumu. Wachungaji wenzangu, kabla hatujampa mtu kipaza sauti, tumuulize kama ameshafika kwa mwenye mali.

Silali, moyo unaenda mbio, chakula hakipiti, na siku nyingine naona heri nife. Nimeombewa sana, naambiwa ni pepo. Kaka yangu anataka kunipeleka hospitali ya Bugando, Mwanza. Nikienda si nitakuwa nimemwacha Mungu? – Kijana, Sengerema

Nenda, mdogo wangu, na usingoje Jumapili ipite. Hilo wazo la kufa mwambie kaka yako leo, kwa maneno hayohayo uliyoniandikia, na asikuache peke yako. Usiku ukizidi, nendeni hospitali iliyo karibu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi la kwenda Mwanza lifunguliwe mwaka 2025, hata kivuko si cha kusubiri tena.

Soma 1 Wafalme 19. Eliya, nabii aliyeshusha moto Karmeli, alikaa chini ya mretemu akaomba afe. Mungu hakumkemea wala hakumwambia ana pepo. Alimtuma malaika na mkate na maji. Eliya akala, akalala, akaamshwa, akala tena. Mazungumzo yake na Mungu kwenye mlima Horebu yalikuja baadaye, mwili ukiwa umepata nguvu.

Daktari anaweza kuwa mkate wako wa leo. Maombi yaendelee, nami nakuombea. Ila mtu yeyote akikukataza dawa, au akikufungisha wakati chakula chenyewe hakipiti, ondoka kwake.

Ibada za kelele zinanichosha. Napenda kwenda kukaa kwenye mawe ufukweni nikasali kimya. Nimepoa kiroho? – Mama, Kirumba

Hapana. Marko 1:35 inasema Yesu aliamka alfajiri akaenda mahali pasipo watu. Kaa kwenye mawe yako. Jumapili njoo, maana tunakuhitaji.

Naomba ila sisikii chochote, ni kama naongea na ukuta. Niache? – Mwanafunzi, Nansio

Usiache, ila punguza maneno. Yule baba wa Marko 9:24 alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akaponywa siku hiyohiyo. Hakuambiwa akakuze imani kwanza ndipo arudi. Kwa sasa chukua Zaburi ya 13. Ina aya sita tu. Isome kwa sauti kabla ya kulala, na ukifika kwenye "hata lini", simama hapo umtajie Mungu kinachokuuma. Kisha niandikie tena.