Maswali yenu: hesabu na kipimo vinapokataana

Barua za wiki hii zimetoka kwa wanafunzi, fundi mmoja na mama anayesubiri upasuaji wa nyonga. Kila mmoja kwa namna yake anauliza kitu kilekile: modeli, yaani hesabu inayoiga kitu halisi, ikisema hivi na jaribio likasema vile, tufanyeje?

Shikamoo mwalimu. Tulifanya jaribio la pendulamu kutafuta g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia. Uzi wangu ulikuwa na sentimita 50, nikaning'iniza mpira wa chuma wenye kipenyo cha sentimita 4. Bembeo 20 zilichukua sekunde 28.9, na jibu limetoka 9.45 badala ya 9.81. Wenzangu wananiambia niandike sekunde 28.4 ili jibu likae sawa. Nifanye hivyo?

Marahaba. Usifanye, nakuomba sana. Hizo sekunde 28.9 ndizo mali pekee uliyotoka nayo maabara.

Kwanza tujiulize kama mkono wako ndio uliokosea. Mtu akibonyeza saa huchelewa au huwahi kwa takriban sehemu mbili za kumi za sekunde. Kwa bembeo moja hilo lingekuwa kosa kubwa, lakini umelitandaza juu ya bembeo 20, kwa hiyo limebaki chini ya asilimia 1 ya muda, na kwenye g huongezeka mara mbili kwa sababu muda unapigwa kipeo cha pili. Wenzako wanataka upunguze nusu sekunde nzima. Mkono wako haukukosea kiasi hicho.

Sasa rudi kwenye uzi. Uliupima kutoka kwenye ndoano hadi pale ulipofungwa juu ya mpira, sivyo? Fomula haijui habari za fundo. Urefu inaoutaka unaishia katikati ya mpira, na kutoka fundo hadi hapo kuna sentimita 2. Weka 52 mahali pa 50, kwa muda uleule uliopima, na utapata 9.83.

Ungebadilisha muda, hizo sentimita 2 usingezijua maisha yako yote. Andika kwenye ripoti jibu la kwanza, kisha eleza ulivyoigundua tofauti. Mimi ningeipa ripoti hiyo alama nyingi kuliko ile iliyopata 9.81 bila kujua kwa nini.

Modeli yangu ilipishana na data. Nimeongeza vigezo vitatu na sasa mstari unapita kwenye kila nukta. Imekuwa bora?

Huenda imekariri tu. Ficha theluthi moja ya data, rekebisha modeli kwa zilizobaki, kisha iache itabiri zile ulizoficha. Hapo ndipo utajua.

Mimi ni fundi wa vyuma. Kompyuta za leo zinaweza kuiga daraja zima kabla halijajengwa. Kwa nini bado watu wanatumia fedha nyingi kwenye majaribio?

Kwa sababu kompyuta hujibu swali uliloiuliza, na lile usilouliza halimo ndani yake.

Tazama daraja la waenda kwa miguu la Millennium, London. Lilifunguliwa tarehe 10 Juni 2000, watu wakajaa, likaanza kuyumba kushoto na kulia hadi wengine wakashika vyuma vya pembeni. Siku mbili baadaye likafungwa. Hesabu za uimara hazikuwa na kasoro, na daraja halikukaribia kuanguka. Kilichopungua ni tabia moja ya binadamu: sakafu ikiyumba kidogo, mtu hutanua miguu na kukanyaga kwa kufuata myumbo huo ili asianguke, na kila hatua ya namna hiyo huusukuma myumbo uzidi.

Wahandisi waliipata siri hiyo kwa kuwatembeza watu juu ya daraja lenyewe, wakiongeza idadi kidogo kidogo. Kwa muda daraja lilitulia, kisha idadi ilipovuka kiwango fulani myumbo ukapanda ghafla. Kipimo hicho ndicho kilichowapa mlinganyo mpya, na mlinganyo ukawaambia ni vizuia mtikisiko vingapi vifungwe. Mwaka 2002 likafunguliwa tena. Ona mpangilio wake: jaribio lilisahihisha modeli, modeli ikaongoza ujenzi. Ukiondoa kimoja, kingine kinabaki na jicho moja.

Je, ni kweli sayansi imethibitisha kwamba nyuki mnene hawezi kuruka?

Hapana, na natamani habari hii ipumzike. Mwaka 1934 Mfaransa Antoine Magnan aliandika kwamba ukitumia kanuni za ukinzani wa hewa kwa wadudu, kuruka kwao hakuwezekani. Kilichoshindwa pale ni modeli iliyolichukulia bawa kama kitu kilichotulia, linalokata hewa kwa mwendo mmoja. Bawa la mdudu hupiga na kujigeuza bila kupumzika.

Lakini utapimaje nguvu kwenye bawa la inzi wa matunda, lenye urefu wa milimita 2 na nusu hivi, likipiga mara 200 kwa sekunde? Mtafiti Michael Dickinson na wenzake walitengeneza bawa la mashine la sentimita 25, wakalizamisha kwenye tangi la mafuta mazito na kulipigisha polepole, pigo moja kwa takriban sekunde 7. Kwa kuwa mafuta yana mnato mkubwa, namba ya Reynolds, inayolinganisha nguvu ya mwendo na mnato, ilibaki ileile ya inzi, na maadamu namba hiyo na namna ya kupiga havibadiliki, mtiririko hufanana ingawa ukubwa umepanda mara mia. Vipimo vyao, vilivyotoka 1999, vilionyesha nguvu zinazotokana na kisulisuli kinachong'ang'ania ukingo wa mbele wa bawa, na nyingine zinazokuja bawa linapojigeuza. Kila nikilifikiria tangi lile nafurahi upya.

Daktari ameniambia nyonga yangu hubeba zaidi ya mara mbili ya uzito wangu nikitembea. Wamejuaje bila kunifungua?

Pole kwa maumivu, mama. Daktari wako yuko sahihi.

Ukisimama kwa mguu mmoja, mwili huning'inia upande wa ndani wa nyonga, na misuli ya nje huuvuta usilale. Ni kama mizani isiyolingana: uzito uko mbali na kiungo, misuli iko karibu nacho, kwa takriban nusu ya umbali. Hivyo misuli lazima ivute kwa nguvu kupita uzito wako, na kiungo kinabeba vyote viwili, uzito na mvuto.

Hiyo ni hesabu. Kipimo kilitoka kwa wagonjwa waliokubali kuwekewa nyonga bandia zenye vihisi ndani, vinavyotuma namba kwa redio. Kundi la Georg Bergmann, Berlin, lilipima hivyo kwa miaka mingi na kukuta takriban mara mbili na nusu ya uzito katika kutembea kwa kawaida.

Kwenye goti kazi ni ngumu zaidi, maana misuli ni mingi na njia za kugawana mzigo hazihesabiki. Kwa hiyo watafiti wa biomekanika, sayansi ya nguvu na mwendo wa mwili, walianzisha shindano: washindani walipewa picha za mwendo na nguvu za nyayo za mgonjwa mwenye goti la vihisi, wakatuma utabiri wao, na baada ya hapo ndipo walipoonyeshwa goti lilipima nini.